Kisanduku Kilichosingiziwa Mvua

Gladness alimkana Mwaija. Hilo lisemwe kwanza, kabla ya salamu na kabla ya habari za ziwa. Alimkana mchana kweupe, kwenye mwalo wa Jiwe Refu, ufuko ambako mitumbwi hushusha samaki, mbele ya wanawake wote wanaoanika dagaa pale, juu ya jambo alilolishika kwa mikono yake mwenyewe. Aliulizwa swali moja lenye jibu fupi, naye akajibu kwa uongo mfupi zaidi. Kwa uongo huo Mwaija akaitwa mwita-mvua, na mwanamke anayeita mvua juu ya riziki ya watu ana jina lake katika nchi ile, jina ambalo hutamkwa akishapita.

Mwaija ni mtu wa Mirongo, katikati ya mji wa Mwanza, binti wa marehemu mzee Muharami aliyekuwa fundi vioo. Kaka zake walipelekwa shule mmoja baada ya mwingine. Yeye alibaki nyumbani, maana kioo kikubwa hakibebwi na mtu mmoja, na baba alitaka mtu wa kushika ncha ya pili. Akaishika ncha ya pili mpaka ujana ukamwisha. Mzee alipofariki, kaka zake wakarithi nyumba, yeye akarithi kisu cha kukatia. Hakulalamika, au tuseme alilalamika na hakuna aliyemsikia, jambo ambalo kwa mwanamke wa umri wake ni lile lile.

Kazi iliyomweka mjini ilikuwa kutengeneza makasha ya kuuzia vitafunwa, yale ya kuonyesha maandazi na sambusa na samaki wa kukaanga, nzi waone lakini wasifike. Kioo kilipopanda bei akahamia akriliki, ile plastiki ngumu iliyo angavu kama maji, ambayo mafundi wa mabango huikata na kutupa vipande. Aliokota vile vipande, akajifunza kuvifanyia kazi. Wateja wake wakubwa walikuwa kina mama wa kivukoni Kigongo, waliokuwa wakiuzia watu waliosubiri pantoni. Kisha daraja likafunguliwa. Magari yakawa yanapita juu moja kwa moja hadi Busisi bila kusimama. Siku ile watu walipiga vigelegele, na Mwaija akapiga vyake kwa sauti, kwa kuwa daraja ni kitu kizuri. Hakujua kwamba anashangilia maziko ya kazi yake. Asiyesimama hanunui andazi, na asiyeuza andazi hana haja ya kasha.

Aliyemnyanyua wakati huo alikuwa Gladness huyo huyo. Alikuwa mmoja wa wauza samaki wa Kigongo, mwanamke mnene mcheshi, ambaye watu humwita Mama Venant kwa jina la mwanawe wa kwanza. Naye alikuwa amefunga meza yake na kurudi alikozaliwa, Jiwe Refu, ambako wanawake walimchagua kuwa mwenyekiti wa kikundi chao cha wakausha dagaa.

"Wewe umekaa hapo unaangalia plastiki kama anayeangalia maiti," alimwambia Mwaija. "Njoo tuanike dagaa. Jua halina daraja."

Mwaija akacheka, akaenda. Alimshukuru Gladness kwa moyo wote, na shukrani ile ndiyo iliyomfumba macho.

Kazi ya dagaa ni nyepesi kuieleza. Mitumbwi huja asubuhi, wanawake hununua, hutandaza dagaa juu ya nyavu mchangani, kisha hungoja jua. Siku moja ya jua kali inatosha. Lakini mvua ya ziwa haipigi hodi. Unaweza kuwa umekaa kibandani, juu kule kwenye nyasi, unachambua na kupiga soga, jua linawaka kichwani, na huko nyuma pazia la maji linatembea kutoka visiwani. Tone la kwanza likikugusa, dagaa wako wamekwisha lowa. Dagaa aliyelowa huwa chakula cha kuku, na mwenye kuku hanunui kwa huruma.

Wazo lilimjia mjini, si mwaloni. Alikuwa amekaa kwenye kibanda cha Nurdin, mtoto wa shangazi yake, fundi redio ambaye siku hizi haletewi redio. Mezani kulikuwa na kitu, nacho kikapiga filimbi ghafla mpaka akashtuka.

"Hiyo nini tena, inalia kama mtoto aliyeng'atwa na siafu?"

"Ya tangi la maji, dada," Nurdin alisema. "Tangi likijaa, maji yanagusa hizi nyaya mbili. Nyaya zenyewe hazikutani. Maji ndiyo yanaziunganisha, filimbi inalia, mwenye nyumba anafunga koki."

Mwaija akaziinamia zile nyaya.

"Na tone la mvua?"

"Tone nalo si maji?"

"Basi nitengenezee."

Cha kwanza kilikuwa kibaya, lazima ikubaliwe. Nurdin aliunganisha vitu vyake, akavisokomeza ndani ya gamba jeusi la redio ya zamani, akalifunga kwa mpira wa baiskeli. Mwaija alipolipeleka Jiwe Refu na kuliweka mchangani, wanawake waliinuka na kusogeza nyavu zao mbali nalo. Bibi Ng'washi, mkubwa wao wote, aliyeanika dagaa pale tangu hajazaliwa hata mmoja wa wengine, alilizunguka gamba lile bila kulikaribia.

"Kuna nini humo, mayu?" aliuliza. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na yeye humwita hivyo kila mwanamke, hata mtoto.

"Shikamoo bibi. Kuna betri na nyaya tu."

"Marahaba. Betri naijua. Lakini kitu kisichoonekana tumbo lake, mimi siwezi kukilalia jirani."

Mwaija akalibeba gamba lake. Njiani Gladness akamshika mkono.

"Usinune. Hawa nimezaliwa nao. Wao hawaogopi chombo, wanaogopa kufichwa. Wewe si ndiye fundi wa makasha? Kipe hicho kitu nyumba ya kuonekana ndani. Halafu niachie mimi, nitawasimamia."

"Utasimama kweli, Mama Venant?"

"Nitasimama mpaka nichoke miguu."

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, na mtu aliyewahi kumwona Mwaija akifanya kazi ile hawezi kuamini kwamba ni yeye aliyekuja kukaa kitandani siku nzima akiangalia ukuta. Alichora kwa mkaa kwenye sakafu ya saruji. Aliweka betri juu ya mchoro, akaweka filimbi, akaweka kile kibao cha Nurdin chenye vidude vyake, akavisogeza na kuvirudisha kama mama anayelaza watoto wengi kitanda kimoja. Betri zilale chini, kwa kuwa ni nzito. Kibao kisimame katikati, kionekane pande zote. Juu kuwe na paa lenye mteremko, maji yasitulie, na juu ya paa uwekwe ulimi. Ulimi ndilo jina walilouita wenyewe: vipande viwili vya bati la biskuti vilivyokatwa meno kama vitana, meno ya hiki yakiingia kati ya meno ya kile bila kugusana, yakingoja tone.

Akriliki haina tabia ya kioo, na Mwaija alilipia tofauti hiyo. Kipande cha kwanza alikitoboa kwa kukaza mkono, kikapasuka nyufa kama kucha ya mguu. Akajifunza kutoboa kwa msumari wa moto. Ukuta wa pili aliugandisha siku ya unyevu, gundi ikaacha ukungu mweupe pembezoni, na kisanduku kizima kikaonekana kama jicho lenye mtoto. Nurdin akasema haidhuru, kinafanya kazi.

"Haidhuru kwako," Mwaija alimjibu. "Bibi Ng'washi akiona weupe atauliza kuna nini nyuma ya weupe."

Akakibomoa, akaanza tena. Gundi ile ni nyepesi kama maji. Aliitia kwa bomba la sindano, ikajipenyeza yenyewe kwenye kiungo mpaka kuta mbili zikawa kitu kimoja. Paa alilikunja kwa joto la waya wa jiko la umeme, taratibu, likainama kama mtu anayesalimia mkubwa. Tundu la filimbi akaliweka chini ya upenu, akaziba pembeni yake. Alipokwisha, aliubandua ule utando wa karatasi unaolinda plastiki, na kisanduku kikakaa mezani kana kwamba hakipo: unaona betri, unaona nyaya nyekundu na nyeusi, unaona kijitaa, na vyote vinaelea hewani.

Gladness alikuja Mirongo kukiona. Hili litiwe alama. Alikuja mwenyewe, alikaa kwenye kigoda cha Nurdin, akanywa chai kwa chapati. Nurdin alimfungulia, akamwonyesha kila kitu. Mwaija akampa kikombe.

"Mwagia wewe."

Gladness akachovya vidole, akadondosha tone juu ya ulimi. Filimbi ikalia. Akaruka na kigoda kikaanguka, kisha akacheka mpaka akashika mbavu.

"Yesu wangu! Kinasikia kuliko mume wangu!" Akadondosha tena. Akakausha kwa upindo wa kitenge, kikanyamaza. Akadondosha tena. Alicheza nacho kama mtoto hadi Nurdin akamwambia atamaliza betri.

Walikipeleka Jiwe Refu pamoja. Gladness akawakusanya wanawake, akasema ni chombo cha kusikia mvua, na kweli siku ile alisimama. Bibi Ng'washi alikizunguka, akachungulia kila upande, akakubali kwa kichwa. Kilichobaki ni mahali pa kukiweka. Mwaija aliona mwamba ule ulioupa mwalo jina, umeingia majini, mvua ya ziwa hufika pale kabla haijafika mchangani. Alikuwa mtu wa mjini. Kwake jiwe ni jiwe, na Mwanza yote ni mawe. Akapanda, akasimamisha mti wa mwanzi, akafunga kisanduku kileleni. Aliyeshika mwanzi usiyumbe alikuwa Gladness, aliyezaliwa pale, aliyekulia pale, na ambaye alijua tangu utotoni kile ambacho Mwaija hakukijua.

Mwanzoni kilikuwa baraka. Kikilia, wanawake hutimka kutoka kibandani na kukunja nyavu, na wakifika tu kibandani na mizigo yao, mvua hii hapa. Walikuwa wakimtania Mwaija. "Mswahili wa Mirongo, mtoto wako analia, kamnyonyeshe!" Naye alikuwa akicheka. Kwa muda mfupi wa maisha yake, alikuwa mtu ambaye kitu chake kinangojwa.

Lakini fikiria unavyoonekana mchezo ule ukiwa umekaa kibandani. Jua linawaka. Hakuna tone. Juu ya jiwe filimbi inalia. Halafu mvua inakuja. Kesho yake jua, filimbi, mvua. Kesho kutwa hivyo hivyo. Hakuna siku mvua ilipotangulia na filimbi ikafuata. Mwaija alikuwa amekiweka mbele ili kiwahi, na kuwahi kule ndiko kulikomponza.

Maneno yakaanza chini chini, kisha yakapanda. Mwaka ule mvua zilikuwa nyingi, na kila ambaye dagaa wake walilowa alitazama juu ya jiwe. Nyavu zikaanza kusogezwa mbali na nyavu zake, kama siku ya lile gamba jeusi. Kisha ikaja asubuhi ambayo dagaa walipatikana kwa wingi usio wa kawaida, mchanga wote ukawa wa fedha, na mchana filimbi ikalia. Wanawake walikimbia, lakini mikono haikutosha. Dagaa wa mwalo mzima wakalowa.

Mayala, mwenyekiti wa mwalo, mtu mpole anayependa mambo yaishe, aliwaita watu kesho yake. Kisanduku kilikuwa kimeshushwa, kimewekwa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Mawingu yalikuwa yametanda upande wa visiwa.

"Dada Mwaija," Mayala alisema, "watu wanaomba kitu kidogo. Wanaomba ukizime."

"Nikikizima mvua haitazimika, Mwenyekiti. Hakileti mvua. Kinaisikia."

"Basi kwa nini kikilia, inakuja?"

Alieleza. Alieleza jiwe liko mbele, mvua inatoka ziwani, inafika kule kwanza. Sauti yake mwenyewe aliisikia ikiwa kama ya mtu anayedanganya. Wanawake walimtazama kwa adabu, na adabu ile ilitisha kuliko matusi.

Bibi Ng'washi akanyanyuka kwa fimbo yake.

"Mimi sikuchukii, mayu. Lakini babu yangu alituambia, zamani mtu wa mvua alikuwa akipanda jiwe lile lile, anapiga filimbi yake, na mvua inakuja. Wewe umepanda jiwe lile, umeweka filimbi, na mvua imekuja. Nikuulize nini tena?"

Mwaija aligeuka kumtazama Gladness. Sasa ndipo alipoelewa mwanzi ule ulishikwa na nani, na nani angeweza kusema, "Hapana, si juu ya jiwe hili." Lakini hakuwa na nafasi ya kukasirika. Alikuwa anazama, na anayezama hachagui mti wa kushika.

"Tazameni," alisema, akachukua kikombe cha maji. "Kila kitu kinaonekana. Nitamwagia maji. Kitalia. Na mvua haitakuja. Mtaona."

Akamwaga. Kisanduku kikalia. Akageuka kwa watu, mikono wazi, na uso wake ukaanza kufunguka kwa mara ya kwanza siku ile.

Tone likaanguka juu ya mkono wake. La pili likagonga mtumbwi. Yale mawingu ya visiwani yalikuwa yamefika.

Filimbi iliendelea kulia, mvua ikiongezeka. Kisha mwanamke mmoja nyuma akasema, "Ameiita tena. Mbele ya macho yetu."

"Subirini!" Mwaija alisema. "Mama Venant alikuwepo! Alikuja Mirongo, alikiona kikiwa wazi, alimwagia maji kwa vidole vyake, na siku ile jua lilikuwa linawaka mpaka jioni. Muulizeni!"

Bibi Ng'washi akamwelekezea Gladness fimbo. "Mama Venant. Ulikiona kikiwa wazi, ukakimwagia maji?"

Gladness alikuwa akifunga kitenge chake upya, ingawa hakikuwa kimelegea. Kumtetea mwita-mvua ni kugawana naye jina, na yeye alikuwa na kiti chake, na watoto wake, na nyavu zake pale mchangani. Hayo yote yalionekana usoni mwake. Uso wake ulikuwa angavu kama kisanduku.

"Mimi?" alisema. "Siku ile nilikwenda mjini kununua chumvi. Niliyowaambia hapa niliambiwa na yeye. Mambo ya hicho kitu siyajui."

Hakuna aliyempiga Mwaija. Mayala alihakikisha hilo, na yeye husema hivyo mpaka leo kana kwamba ni zawadi. Vijana wa mitumbwi walikichukua kisanduku, wakakibamiza kwenye jiwe kivunjike, lakini akriliki si kioo. Kikaingia ufa juu ya paa na kikakataa kuvunjika. Wakakitupa ziwani kizame. Hakikuzama. Mwaija alikuwa ameziba kila kiungo, na betri nzito ziko chini, basi kikasimama wima juu ya maji kama alivyokichora sakafuni. Na kwa kuwa mawimbi yaliulowesha ulimi, kikawa kinalia. Upepo ukakisukuma polepole kutoka ufukweni, kinalia, kijitaa kinawaka, na watu wote wamesimama kwenye mvua wakikisikiliza. Mwaija alitaka kuingia majini akikaushe. Hilo tu ndilo alilolifikiria: akikaushe, kinyamaze. Alisimama mpaka sauti ikapotea nyuma ya manyunyu.

Nurdin alipopata habari alitaka waende polisi.

"Tukaseme nini?" Mwaija alimuuliza. "Hawakunipiga. Hawakuniibia. Wataandika kwamba mvua ilinyesha?"

Nurdin akasema atamtengenezea kingine. Akamjibu kwamba hata vikiwa mia na vyote vionekane ndani, mtu huona anachotaka kuona, na plastiki haina dawa ya hilo.

Tangu hapo yuko Mirongo. Anakaa. Kisu cha baba kiko ukutani. Siku nyingine mvua ikianza kugonga bati hujikuta ameinua kichwa, anasikiliza, halafu anakilaza tena. Habari za Jiwe Refu humfikia bila kuuliza: mwanzi umeng'olewa, mvua zinanyesha kama zilivyokuwa zikinyesha, dagaa wanalowa kama walivyokuwa wakilowa, na hakuna anayesema kwamba sasa mvua inakuja bila kuitwa. Gladness bado ni mwenyekiti. Juzi alituma mfuko wa dagaa wakavu kwa bodaboda, bila salamu. Walikuwa wazuri, wamekauka vyema. Mwaija aliwamwagia bata wa jirani, akasimama kuwatazama mpaka wakala wote.

Hadai dagaa. Hadai kisanduku, kimekwenda na ziwa. Bibi Ng'washi hadaiwi kitu, yule alisema alichokiamini. Mayala naye hadaiwi, hakuwa akijua. Anayedaiwa ni Gladness, na deni lake halilipiki kwa mfuko. Anadaiwa kusimama mchangani pale pale, mchana, Bibi Ng'washi akiwepo na wanawake wote wakiwepo, mikono yake ikiwa imeacha kitenge, aseme kwa mdomo wake: nilikiona, nilikimwagia maji kwa vidole hivi, nilicheka, na jua likawaka mpaka jioni, na mwanzi juu ya jiwe niliushika mimi.

Hajasema.